Sanduku Ambalo Halikupita Keumbu

Inspekta Loice Masese aliingia ofisi ya Shirika la Ensoko, mjini Kisii, saa mbili na robo asubuhi ya Ijumaa. Kabla hajaketi aliomba mlango ufungwe na simu zote ziwekwe mezani.

Mwalimu Eucabeth Angwenyi, mkurugenzi, aliweka zake mbili. Alikuwa amestaafu ualimu miaka minne iliyopita, lakini bado aliongea kama mtu aliyesimama mbele ya ubao.

"Wasichana walikuwa wanane," alisema. "Bisieri yuko kwenu kituoni. Wamebaki saba, na sijui kama leo watalala salama."

Ensoko lilikuwa na kazi moja tu. Shule zikifungwa kwa likizo ya Desemba, wasichana waliokimbia kukeketwa walifichwa katika nyumba za watu waliojitolea, huku Kisii na kule Nyamira, mpaka Januari. Mahali alipofichwa kila mmoja paliandikwa sehemu moja, kwenye seva iliyokuwa chumba cha nyuma cha ofisi hii. Jana alasiri wanaume watatu wa ukoo wa Bisieri walibisha mlango wa nyumba aliyofichwa, Kebirigo.

"Walimwulizia kwa jina gani?" Loice aliuliza.

"Bisieri."

"Majirani wanamjua kwa jina gani?"

"Brenda. Tuliwaambia ni mpwa wa mwenye nyumba, ametoka Nakuru." Mwalimu alivua miwani. "Si hilo tu. Mmoja wao alizunguka moja kwa moja akasimama mlango wa nyuma. Ukiwa barabarani huwezi kujua kuna mlango pale. Mtoto alikuwa juu shambani akichuma majani chai. Aliwaona, akalala chini katikati ya mistari mpaka wakaondoka."

"Mlango wa nyuma umeandikwa kwenye seva?"

"Niliuandika mimi mwenyewe."

Loice aliandika pia, kwenye daftari lake dogo. "Kwa nini usiwahamishe hao saba sasa hivi?"

"Wahamishwe na nani, Inspekta? Nina wafanyakazi watatu. Mmoja wao amemsaliti mtoto. Nikimtuma huyo huyo awahamishe, si nimempeleka mpaka mlangoni?"

Loice alifunga daftari. Aliomba kuonyeshwa seva.

*

Haron Omwenga, fundi wa mitandao, alikuwa mwanamume nadhifu wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alikuwa ameshachapisha karatasi kabla hajaombwa.

"Kila anayefungua ukurasa seva inamwandika, Madam. Jina, mahali alipo, na muda aliokaa kwenye seva. Ukurasa wa Bisieri umefunguliwa mara tatu. Alhamisi ya wiki iliyopita ni Mwalimu, akiuandika. Ijumaa saa tisa na dakika kumi mchana ni Sheila Bosire, afisa wetu wa Magwagwa. Huyo ndiye anayemshughulikia mtoto. Alikaa dakika mbili. Halafu Jumamosi, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi, Sheila tena. Dakika kumi na moja."

"Akiwa wapi?"

"Mara zote mbili waifai ya hoteli moja pale Keumbu. Kwa Ogeto."

"Hoteli?" Loice alimkazia macho. "Watu wanakunywa chai, na siri za watoto zinapita juu ya vichwa vyao?"

Haron alitabasamu kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo. "Ndiyo maana tuna VPN. Hebu fikiria hivi. Ukipita soko la Keumbu na mkungu wa ndizi kichwani, kila mtu anajua umebeba ndizi. Lakini ukipita na sanduku la chuma lililofungwa, wanaona sanduku. Hawajui ndani kuna nini. Simu ya Sheila inafunga maneno ndani ya sanduku kabla hayajatoka kwenye simu. Linapita kwa Ogeto, linapita kwenye intaneti ya kila mtu, linakuja kufunguliwa hapa tu, kwenye seva hii."

"Ogeto akiamua kuchungulia?"

"Atachungulia sanduku. Ufunguo uko sehemu mbili: ndani ya simu ya kazi, na hapa. Na hata mtu akiiba simu, bado anahitaji nywila."

"Kwa hiyo hakuna aliyeiba njiani."

"Haiwezekani, Madam. Njia ni salama. Aliyefanya hivi ni mtu mwenye simu."

Alilisema upesi. Loice aliikunja karatasi mara mbili.

"Ukurasa una urefu gani?"

"Nusu karatasi hivi."

"Ijumaa aliusoma kwa dakika mbili. Jumamosi akahitaji kumi na moja?"

"Labda alikuwa anaunakili," Haron alisema.

"Nichapishie wiki sita zilizopita. Watu wote, siku zote. Sihitaji kujua kurasa, nataka jina na mahali tu."

*

Sheila Bosire alifika saa nne, sketi ndefu, kichwa kimeinama. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Aliketi ukingoni mwa kiti kana kwamba kina mwenyewe. Simu yake ya kazi Loice aliichukua, akaizima na kuitia kwenye bahasha.

"Jumamosi saa nne na dakika arobaini na mbili ulikuwa wapi?"

"Kanisani, Madam. Magwagwa. Nafundisha watoto Shule ya Sabato."

"Nani alikuona?"

"Kanisa zima."

"Na simu hii ilikuwa wapi?"

Sheila alitazama mlango wa Mwalimu. "Ilikuwa imezimwa."

"Sikuuliza kama ilikuwa imezimwa. Nimeuliza ilikuwa wapi."

Sheila alikunja ukingo wa sketi.

"Nani mwingine anajua nywila yako?"

"Hakuna mtu."

Loice alitandaza karatasi za wiki sita mezani, akazigeuza zimwelekee Sheila. Alikuwa amepiga mistari kwa kalamu nyekundu.

"Soma hapa. Kila Jumamosi, jina lako liko Keumbu. Kila Jumapili, jina la Ratemo, afisa wa Keumbu, liko Magwagwa. Wewe ni Msabato. Ratemo ni wa kanisa gani?"

Sheila alitazama mistari myekundu. "Mkatoliki."

"Basi nieleze wewe, nisije nikaeleza mimi vibaya."

"Wenyeji waliowaficha watoto wanaweza kupiga simu siku yoyote," Sheila alisema. "Mimi Sabato sifanyi kazi, tangu jua la Ijumaa likitua. Yeye Jumapili anakwenda misa, halafu ana mama mgonjwa. Ijumaa nampa simu yangu na nywila pale kwa Ogeto. Jumamosi jua likishatua ananiletea zote mbili, nashika yake Jumapili. Miaka miwili sasa. Mwalimu akijua, tumefutwa kazi."

"Kwa hiyo Jumamosi iliyopita Ratemo ndiye aliyekuwa na simu yako."

Sheila alisukuma karatasi zikarudi upande wa Loice.

"Muulize yeye," alisema.

*

Ratemo alikuwa kwenye meza ya dirishani hotelini kwa Ogeto, sahani ya matoke mbele yake. Alikuwa mtu mkubwa wa kicheko kikubwa, lakini alipoona kitambulisho cha Loice alisukuma sahani kando.

"Afande, mruhusu amalize," Ogeto, mwenye hoteli, alisema akipangusa meza. "Huyu akifungwa na njaa atakula ukuta wa seli."

"Ogeto, ondoka hapa," Ratemo alimwambia.

"Naondoka wapi? Hoteli ni yangu."

Loice alingoja Ogeto afike kaunta. "Simu ya Sheila. Jumamosi."

"Amekwambia tunabadilishana?"

"Amesema nikuulize."

Ratemo alisugua uso kwa viganja. "Jumamosi ile sikuwa nayo. Ijumaa lori la ndizi lilipinduka pale juu, barabara ikafungwa. Nilifika hapa saa kumi na moja. Sheila alikuwa amengoja mpaka saa kumi, akaondoka nayo ili jua lisitue akiwa njiani. Kwake akaizima. Sabato ni Sabato. Muulize Ogeto, ndiye aliyenipa habari."

"Ni kweli!" Ogeto alisema kutoka kaunta. "Nilimwambia, dada yako amekuchoka."

"Kwa nini Sheila hakuniambia hivyo?"

"Ungemwambia nani kitu kama hicho, afande? Kubadilishana simu ni kosa. Lakini watoto wanane wako mafichoni, na Jumamosi nzima nambari ya dharura iko ndani ya sanduku la nguo la mama yake, imezimwa. Mwenyeji angepiga, nani angeshika? Mimi mwenyewe nimekuwa nikisali usije ukaniuliza."

"Au mlikaa mkapanga mseme hivyo."

"Au tulipanga," Ratemo alikubali. "Ningekuwa wewe ningefikiri vivyo hivyo."

Loice alikwenda kaunta. Nyuma ya birika kubwa la chai kulikuwa na kisanduku cha waifai kikimetameta taa za kijani, na kando yake laptopu iliyopasuka kona.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kukamata wezi wa bando," Ogeto alisema kwa fahari. "Mtu anakunywa kikombe kimoja cha chai, anakaa saa tatu akitazama mpira. Hapa naona kila simu imezungumza na wapi, na kwa muda gani."

"Inaweka kumbukumbu?"

"Tangu Februari."

"Nionyeshe Ijumaa ya wiki iliyopita, saa tisa na dakika kumi."

Ogeto alibofya. Mstari ulikuwepo. Simu iliyoandikwa 'Sheila B', ikizungumza na nambari moja ya Kisii, dakika mbili.

"Ilisema nini?"

"Hapo ndipo panaponikera. Hawa wengine naona, huyu yuko Facebook, huyu yuko kwenye mpira. Lakini simu ya Sheila na ya Ratemo, ukifungua unaona herufi zimevurugika tu, kama kuku amekanyaga wino. Nimejaribu mara…" Akanyamaza.

"Umejaribu mara ngapi?"

Ratemo aligeuka kwenye kiti. Ogeto alianza kupangusa kaunta iliyokuwa safi tayari.

"Mara tatu, nne. Ni udadisi tu, afande. Mtu akificha kitu nyumbani kwako, hutataka kujua?"

"Una ndugu kwenye ukoo wa Bisieri?"

"Bisieri ni nani?"

Loice alimtazama muda mrefu. Ogeto alikuwa mmbeya, na uso wake haukuwa na mahali pa kuficha kitu. Na kama fundi alisema kweli, hata angejaribu mara mia angepata wino wa kuku. Loice aliivuta laptopu kwake.

"Sasa Jumamosi. Saa nne na nusu mpaka saa tano."

Mistari ilijipanga. Simu kumi na moja. Mmoja alikuwa kwenye mpira, wawili kwenye muziki, mwingine amepiga video ya dakika arobaini kwa mtu aliye ng'ambo. Umeme ulikuwepo, waifai ilikuwepo.

Sheila B hakuwepo.

Loice alitafuta siku nzima, asubuhi mpaka usiku. Hakuwepo. Alirudi Jumamosi ya wiki iliyotangulia. Sheila B, saa tatu asubuhi, nambari ile ile ya Kisii. Ya kabla yake pia. Na ya kabla yake. Aliweka karatasi za Haron kando ya skrini akalinganisha mstari kwa mstari. Jumamosi tano zilipatana mpaka dakika. Ya sita ilikuwa kwenye karatasi ya Haron tu.

"Mistari hii ina nambari," alisema. "Ukifuta mmoja, nini kinatokea?"

"Nambari inaruka. Nilifuta wangu mmoja wakati mmoja, mke wangu akajua." Ogeto alikohoa. "Ni hadithi ndefu."

Nambari za Jumamosi zilifuatana zote. Hakuna iliyoruka.

Loice alimgeukia Ratemo. "Nani mwingine alijua mnabadilishana simu?"

"Hatukumwambia mtu."

"Sikuuliza mlimwambia nani. Nani angeweza kuona?"

Ratemo alifikiri. Kisha alisimama taratibu, kiti kikakwaruza sakafu.

*

Saa kumi na moja kasorobo Loice alikuwa tena chumba cha nyuma. Mwalimu alisimama mlangoni. Haron alikuwa ameketi mbele ya skrini, mikono juu ya magoti.

"Umepata kitu, Madam?"

"Nimepata mwalimu mzuri. Uliniambia mtu akipita sokoni na sanduku lililofungwa, watu hawajui ndani kuna nini."

"Ndiyo."

"Lakini sanduku wanaliona likipita."

Haron aligeukia skrini.

"Ogeto ameona sanduku la Ijumaa. Ameona la kila Jumamosi kwa wiki tano. Jumamosi iliyopita, saa nne na dakika arobaini na mbili, hakuna sanduku lililopita Keumbu. Simu ilikuwa Magwagwa, imezimwa, ndani ya nguo za mama mtu."

"Ogeto anaweza kuwa amefuta."

"Nambari zake zinafuatana. Tuone zako. Fungua daftari la seva la Jumamosi. Si ukurasa wa Bisieri peke yake kama ulivyonichapishia asubuhi. Lote."

"Hilo linachukua muda, linahitaji…"

"Haron," Mwalimu alisema. "Fungua."

Alifungua. Loice aliinama, akafuata mistari kwa ncha ya kalamu. Mstari wenye jina la Sheila ulikuwa na nambari 2214. Uliofuata ulikuwa 2222.

Alihesabu kwa sauti. "Kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Saba hazipo."

Mwalimu alishika fremu ya mlango.

"Kila wiki uliona simu ya Sheila ikiwa Keumbu siku ya Sabato," Loice aliendelea. "Ulijua mchezo wao, ukanyamaza, ukauweka akiba. Ulipofungua kurasa ukiwa hapa hapa ndani, ulijua Bisieri atakapofuatwa tutauliza. Ukafuta mistari saba. Wa nane ukaubadilisha, jina la Sheila, hoteli ya Ogeto. Sheila angesema alikuwa kanisani, Ratemo angekamatwa. Ila lori la ndizi lilipinduka, na wao wakaona aibu kumwambia mtu yeyote. Na dakika ulizisahau. Kumi na moja. Hizo si za ukurasa mmoja. Ni za kurasa nane."

Haron alivua miwani, akaiweka kwenye meza kwa uangalifu mwingi, kama kitu cha mtu mwingine.

"Emily ni dada yangu," alisema. "Mama yake Bisieri."

"Hukuniambia," Mwalimu alisema.

"Hukuniuliza, Mwalimu. Mtoto anatumia jina la baba. Mume wa Emily, Nyasani, alikuja hapa Jumamosi. Ofisi ilikuwa tupu. Aliniambia hataki kumkata, hiyo imeisha, anataka tu kujua mtoto wake yuko hai. Mtu mzima, analia. Nikamfungulia ukurasa aone. Simu yangu ikalia, nikatoka nje kuongea. Niliporudi…"

"Uliporudi ulikuta nini?" Loice aliuliza.

"Alikuwa anapiga picha skrini. Alikuwa ameshapita kurasa zote."

Mwalimu aliachia fremu ya mlango, akaingia ndani.

"Kwa hiyo picha za nyumba saba ziko kwenye simu ya Nyasani," Loice alisema. "Na wewe ulilijua hilo siku sita."

"Nilidhani atamtafuta wake tu."

"Wasichana wawili wanatoka kijiji cha Nyasani," Mwalimu alisema. "Wawili, Haron. Wazazi wao ni majirani zake."

Loice alikuwa ameshapiga simu kituoni. Alitaja jina la Nyasani, kijiji, na neno moja zaidi: sasa. Kisha alimwashiria askari aliyekuwa nje, na Haron akatolewa bila pingu, akitembea mwenyewe, kalamu zake mbili bado mfukoni.

*

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi walikuwa wanne ofisini. Ratemo alikuwa amefika kutoka Keumbu. Sheila alikuwa bado pale pale alipoachwa asubuhi, ukingoni mwa kiti.

Nyasani hakupatikana nyumbani. Jirani alisema alikuwa ameondoka saa tisa, na wanaume wengine wanne.

Mwalimu alikuwa na ramani mezani. "Watatu wako upande wa Keumbu. Hao Ratemo atawachukua na gari la polisi. Wanne wako Nyamira." Alisimamisha kidole. "Wenyeji wa Nyamira tuliwaonya wasifungue mlango kwa polisi, wala kwa mchungaji, wala kwangu. Wafungue kwa sauti moja tu."

Hakuna aliyetaja jina la Sheila, lakini kila mtu alikuwa akimtazama.

Loice alitoa bahasha, akaichana, akaiweka simu ya kazi mbele yake. Skrini ilikuwa nyeusi.

"Makosa yenu ya kubadilishana mtayaongea na Mwalimu," alisema. "Mimi sijayaandika."

"Sheila," Mwalimu alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikuwa ya darasani. "Sikulazimishi. Naliona jua."

Dirishani jua lilikuwa limegusa kilima. Nusu saa, pengine dakika arobaini. Mpaka Magwagwa tu ilikuwa zaidi ya saa moja.

Sheila aliitazama simu. Kwa miaka miwili, Ijumaa saa kama hizi, alikuwa ameshaitoa mkononi mwake.

"Mama atauliza nilikuwa wapi," alisema.

"Utamwambia nini?" Ratemo aliuliza.

"Nitamwambia ukweli."

Akaibonyeza. Taa ikawaka usoni mwake. Aliandika nywila, akangoja njia ifunguke, akasoma nambari ya kwanza kwenye orodha ya wenyeji, akapiga. Iliita mara nne kabla haijashikwa.

"Bwairire, mama. Ni Sheila." Alikuwa amesimama, mkoba begani, akielekea mlangoni mbele ya Inspekta. "Mvalishe mtoto sweta, ufunge mlango wa nyuma. Akibisha mwingine yeyote, usijibu. Nakuja mimi mwenyewe."